Punda Wako Anakaribia Kuzaa? Jinsi ya Kusoma Dalili, Kuanzia Mwezi wa Mwisho hadi Saa ya Uchungu

Maswali ni yaleyale kila mwaka. "Kiwele kimejaa, mbona hazai?" "Jana kabeba maji kama kawaida, leo nimeamka nakuta mtoto, dalili zilikuwa wapi?" "Nimwite daktari sasa au nisubiri kwanza?" Mwongozo huu ni wako wewe unayemlea punda jike mwenye mimba kwa mara ya kwanza, awe anabeba shogi za mchanga Lamu, anavuta mkokoteni wa maji Naivasha au anasomba kuni Dodoma. Mwenye farasi pia utamfaa, kwa kuwa dalili ni zilezile. Tofauti kubwa ni muda: farasi hubeba mimba takriban miezi 11, punda miezi 12, na si ajabu punda akafika 13.

Shika neno moja kabla ya mengine: hakuna dalili moja inayotosha peke yake. Saa inajulikana kwa dalili kufuatana, na kwa punda wako kubadilika kutoka alivyozoea. Punda huficha maumivu. Mbuzi mwenye uchungu atapiga kelele mtaa mzima usikie. Punda atasimama kimya, masikio yamelegea, na mwenye haraka atapita akidhani anapumzika.

Tena punda hazaliani haraka. Mwaka mzima wa mimba, mtoto mmoja, kisha miezi ya kunyonyesha. Biashara ya ngozi imewamaliza punda wengi Afrika, hadi Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia punda kuchinjwa kwa ajili ya ngozi. Mtoto anayekufa kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumwangalia ni hasara ambayo kaya haiwezi kuifidia kwa msimu mmoja.

Vitu vya kuwa navyo kabla

Viandae mwezi mmoja mapema. Punda wengi huzaa usiku wa manane au alfajiri, na saa hizo duka la dawa limefungwa.

- Namba za simu za daktari wa mifugo au afisa mifugo, mbili kama inawezekana. Ukiwa Lamu, kliniki ya The Donkey Sanctuary, shirika la hisani la kutunza punda, iko pale tangu 1987 na inajua punda kuliko mtu yeyote.
- Daftari na kalamu, na saa inayofanya kazi.
- Kipimajoto cha njia ya haja kubwa, na mafuta kidogo ya kukilainisha.
- Tochi yenye mwanga hafifu. Mwanga mkali humtia wasiwasi.
- Taulo kuukuu zilizofuliwa, sabuni, ndoo ya maji safi, glavu.
- Mkasi safi wenye ncha butu. Sababu yake utaiona kwenye hatua ya 8.
- Dawa ya kitovu: klorheksidini iliyozimuliwa, au iodini isiyo kali, ya asilimia 2. Iodini kali huunguza ngozi ya kitovu.
- Kitambaa cha kufungia mkia, na chupa safi yenye mdomo mpana.

Halafu mahali. Pawe pakavu, pana kivuli, angalau mita 3 kwa 3, bila misumari, waya wala kamba zinazoning'inia. Tandika majani makavu au mabua. Usitumie maranda ya mbao, huganda puani mwa mtoto na kwenye kitovu kibichi. Mhamishie mama hapo wiki 4 hivi kabla, ili mwili wake uzoee vijidudu vya mahali hapo na kinga aipitishe kwenye maziwa ya kwanza. Kipindi hichohicho muulize daktari kuhusu chanjo ya pepopunda.

Usimtenge na mwenzake. Punda hushikana na rafiki kwa dhati, na ukimwondolea rafiki atasusa chakula. Mweke mwenzake aonekane, hata kama ni ng'ambo ya uzio. Punda dume ndiye asikaribie: wako madume wanaowang'ata na kuwaua watoto wachanga.

Hatua kwa hatua

1. Hesabu miezi. Kama unaijua siku aliyopandwa, mambo ni rahisi. Aliyepandwa Machi 10 mtegemee karibu na Machi 10 mwaka unaofuata, na uanze kumchunguza kwa makini Februari 10. Kama punda wako huzurura na madume, kama ilivyo kwenye vichochoro vya Lamu na kwenye maboma mengi ya bara, hutaijua tarehe. Mwite daktari ampime mimba akukadirie. Usikadirie kwa ukubwa wa tumbo. Wapo wenye tumbo kubwa la majani tu, na wapo waliozaa huku majirani wakibisha kwamba hana mimba.

Miezi 3 ya mwisho, mzigo na mkokoteni basi. Najua hapa ndipo pagumu, maana punda ndiye anayeleta unga nyumbani. Lakini mama aliyebebeshwa madumu ya maji mpaka wiki ya mwisho hufika kwenye uchungu akiwa hana nguvu ya kusukuma. Kutembea bila mzigo ni kuzuri kwake. Usimfunge kutwa nzima.

2. Ijue hali yake ya kawaida. Kuanzia mwezi wa 11, kila siku saa ileile, andika: amekula vipi, kinyesi kikoje, joto lake, kiwele kikoje. Mpige picha kwa simu kutoka nyuma na kutoka ubavuni. Ukiweka picha ya leo kando ya ya wiki iliyopita, utaona mabadiliko ambayo jicho la kila siku halioni. Joto la punda mzima mara nyingi liko kati ya nyuzi 36.5 na 37.8, lakini namba unayoihitaji ni ya kwake yeye.

3. Tazama tumbo na nyama za mkiani. Tumbo lililokuwa limetanuka pande zote mbili hushuka na kusogea nyuma, ubavu ukaonekana umebonyea. Hii huja wiki moja au mbili kabla, wakati mwingine siku chache tu. Kisha bonyeza kwa vidole nyama za pande mbili za shina la mkia. Zilizokuwa ngumu huwa laini na kutikisika. Uke nao hulegea na kurefuka. Kwa punda mwenye manyoya mengi usitegemee macho, papasa.

4. Kiwele. Hapa ndipo utapata habari nyingi, na ndipo wengi wanapokosea.

Kwanza jinsi ya kumkaribia. Simama begani, umeelekea mkiani, mkono mmoja mgongoni. Mkono wa pili uteremshe taratibu kwenye tumbo hadi kiweleni. Usitokee nyuma yake ghafla. Mama wa mara ya kwanza hutekenyeka na atapiga teke bila ubaya wowote moyoni. Mzoeze mapema, dakika moja kila siku. Itakusaidia pia mtoto atakapotaka kunyonya.

Kiwele huanza kukua wiki 4 hadi 6 kabla ya kuzaa, na kwa wengine wiki 2 tu kabla. Mwanzoni kinajaa usiku akiwa amesimama, kisha kinapungua mchana akitembea. Usishtuke. Cha kungoja ni kiwele kinachobaki kimejaa asubuhi na jioni. Baadaye, zikiwa zimebaki siku chache, chuchu zenyewe hujaa: zilizokuwa zimesinyaa na kuelekeana sasa zinatuna mpaka nchani na kutazama chini.

Mwisho huja nta. Ni matone ya rangi ya manjano yaliyoganda kwenye ncha ya chuchu, maziwa ya kwanza yaliyovuja na kukauka. Ukiiona, mara nyingi zimebaki saa 12 hadi 48. Nasema mara nyingi, kwa sababu wapo wanaokaa na nta siku kadhaa, na wapo wasioitoa kabisa. Kukosa nta kusikufanye ulale usingizi.

5. Tazama maziwa yenyewe. Chuchu zikijaa, kamua tone moja au mawili kwenye kiganja safi, mara moja kwa siku. Yanaanza kama maji ya manjano, yanazidi uzito na kunata, na karibu na kuzaa yanakuwa meupe mazito. Wenye karatasi za kupimia pH, yaani kiwango cha uchachu, wanaweza kuzitumia: maziwa yakishuka hadi 6.4 au chini, farasi mara nyingi huzaa ndani ya siku 1 hadi 3. Punda hufuata njia hiyohiyo, ila usikitegemee kipimo hicho peke yake.

Onyo: usikamue zaidi ya hapo. Maziwa haya ya mwanzo, dang'a, ndiyo kinga pekee ya mtoto wa punda. Hazaliwi na kinga mwilini, anainywa. Mtu anayekamua kila saa ili kuhakikisha anamnyang'anya mtoto kinga yake.

6. Joto. Pima asubuhi na jioni. Ndani ya saa 24 za mwisho joto mara nyingi hushuka kwa karibu nusu nyuzi chini ya kawaida yake ya jioni. Kama hukuandika kawaida yake kwenye hatua ya 2, namba ya leo haitakusaidia.

7. Tabia, saa chache kabla. Anajitenga na wenzake. Anatembea na kugeuka, anasimama, anageuka tena. Anainua mkia, anatoa kinyesi kidogokidogo mara nyingi, anautazama ubavu wake, anaparua chini kwa kwato, anatoka jasho shingoni na nyuma ya viwiko. Anaweza kulala na kuinuka mara kadhaa. Haya huchukua saa 1 hadi 4, kwa mama mzoefu pungufu, na kwa punda mkimya yanaweza kukupita usiyaone.

Sasa mfunge mkia kwa kitambaa, osha uke kwa maji na sabuni, mpe daktari taarifa kwa simu, kisha ondoka. Kaa mbali unapomwona yeye bila kumsumbua. Punda na farasi huweza kuusimamisha uchungu huu wa mwanzo kwa sababu tu wanatazamwa. Watoto, majirani na mbwa wasiwepo.

Msokoto wa tumbo hufanana sana na uchungu. Kama kiwele ni kidogo, mkia mgumu na miezi haijatimia, lakini anajigaragaza na kutoka jasho, hilo ni tumbo linauma. Daktari aje hapohapo.

8. Maji yakipasuka, tazama saa. Yanamwagika kwa wingi, rangi ya manjano au kahawia hafifu. Kuanzia hapo mambo ni ya haraka, si kama ng'ombe. Ndani ya dakika 5 hadi 10 utaona utando mweupe wenye kung'aa, na ndani yake kwato moja, halafu ya pili ikiwa nyuma kidogo, nyayo zikitazama chini, na pua imelazwa juu ya magoti. Huo ndio mpangilio mzuri. Mtoto hutoka ndani ya dakika 20 hadi 30.

Mpigie daktari bila kungoja ukiona lolote kati ya haya:

- Dakika 10 zimepita tangu maji kupasuka na hakuna kinachoonekana, au dakika 20 anasukuma na hakuna kinachosogea.
- Mguu mmoja tu, au pua bila miguu, au miguu miwili bila pua.
- Nyayo zinatazama juu.

Wakati ukimngoja daktari, msimamishe mama na umtembeze polepole. Kutembea hupunguza kusukuma na kumpa mtoto nafasi. Usifunge kamba ukavuta na vijana wanne. Mtoto aliyekaa vibaya akivutwa kwa nguvu huvunjika, na mama huchanika.

Hatari moja haingoji daktari. Badala ya utando mweupe, unatoka mfuko mwekundu wenye uso kama mahameli. Hilo ni kondo la nyuma limejitenga kabla ya mtoto kutoka, na mtoto hapati hewa. Lichane hapohapo kwa mkasi au kwa mikono, tafuta miguu ya mbele, na umsaidie mama kwa kuvuta kuelekea chini, anaposukuma tu. Hapa kila dakika inahesabika.

9. Mtoto akishatoka. Kama utando umeziba pua, upasue na ufute. Kama hapumui, msugue kwa taulo kwa nguvu na umtekenye puani kwa unyasi. Usimning'inize kichwa chini ukamzungusha, hata kama umeona wengine wakifanya, unamuumiza bure.

Usikate kitovu. Waache wamelala, mama na mwanawe. Kitovu hukatika chenyewe mama akisimama au mtoto akijivuta. Kikikatika, kichovye kwenye dawa, na urudie mara 2 au 3 siku hiyo. Kikivuja damu, kibane kwa vidole safi mpaka iache.

Halafu shika mipaka hii mitatu ya muda: mtoto asimame ndani ya saa 1, anyonye ndani ya saa 2, kondo la nyuma litoke ndani ya saa 3. Kikichelewa chochote, piga simu. Kondo lililobaki halivutwi wala halifungiwi jiwe. Lifunge fundo juu ya visigino vyake asilikanyage, na daktari afanye kazi yake. Likitoka, lihifadhi kwenye ndoo yenye kifuniko ili daktari aone kama limekamilika. Kipande kidogo kikibaki tumboni kinaweza kumuua mama kwa sumu ya damu, au kumharibu kwato.

Yanapokwenda kombo

*Kiwele kimejaa wiki 3, hajazaa.* Kama miezi imetimia, anakula na ana furaha, subiri. Mama wa mara ya kwanza huchelewesha au huharakisha mambo anavyotaka. Kama miezi bado, mfano ni mwezi wa 9, kiwele kilichojaa ni onyo: huenda kuna maambukizi kwenye kondo, au mapacha. Mapacha kwa punda si baraka, mara nyingi wote wawili hupotea. Mwite daktari.

*Maziwa yanadondoka kabla ya kuzaa.* Matone machache si neno. Yakitiririka kwa saa nyingi, dang'a inapotea. Yakinge kwenye chupa safi, yagandishe kama una friza, na mwambie daktari mapema, maana mtoto huenda akahitaji kupewa dang'a kwa njia nyingine ndani ya saa zake 6 za kwanza. Baada ya siku moja utumbo wake hauwezi tena kuipokea ile kinga.

*Miezi 12 imepita.* Punda anaweza kufika 13 na kupita kidogo. Hali yake ikiwa nzuri, usimpe dawa yoyote ya kuharakisha uchungu. Kuanzisha uchungu kwa punda au farasi ni hatari kwa mtoto, wala si kazi ya muuza dawa za mifugo sokoni.

*Ameacha kula.* Hili ndilo linaloua punda wajawazito kimyakimya, na natamani kila mfugaji alijue. Punda mwenye mimba akikosa chakula hata siku moja au mbili, mwili huyeyusha mafuta yake na kuyamwaga kwenye damu kuliko ini linavyoweza kuyamudu. Ini na figo hushindwa. Wanene wako hatarini zaidi. Tena punda hudanganya: anasimama ameinamia majani, mdomo unagusa, hamezi kitu. Kwa hiyo usitazame mdomo, tazama majani yaliyobaki na kinyesi kilichotoka. Akikosa mlo mmoja, mjaribu kwa anachokipenda, majani mabichi au karoti. Akikosa wa pili, daktari.

*Mtoto amesimama lakini hanyonyi.* Muelekeze kiweleni kwa utulivu, umsukume kwa nyuma. Usimvute kichwa, atarudi nyuma. Mama akimkataa au akipiga teke, huenda kiwele kinamuuma. Mshike kwa hatamu, mpe majani, mtoto anyonye kidogo, maumivu yatapungua. Saa 2 zikiisha bila kunyonya, usingoje kuche.

*Mtoto anakakamaa akijikaza, mkia juu, hakitoki kitu.* Mavi ya kwanza, meusi na ya kunata, yanatakiwa yatoke ndani ya saa 24. Dang'a ndiyo dawa yake ya kwanza. Yasipotoka, daktari atampa maji ya kusafisha tumbo. Usimwingizie sabuni ya kufulia.

*Siku ya 7 hadi 10 mtoto anaharisha.* Wengi huharisha kidogo kipindi hiki, mara nyingi wakati mama anarudi kwenye joto, yaani anataka dume tena. Akinyonya na kuchezacheza, mfute na umpake mafuta chini ya mkia. Akilala sana au akiacha kunyonya, ni ugonjwa. Na joto hilo la mama lisikuvute kumleta dume: mwache apumzike, anyonyeshe, na mtoto asiachishwe ziwa kabla ya miezi 6.